Namba Zilizoshuka Darini

Najua utasema nimetunga. Sema tu, wewe si wa kwanza. Lakini wallahi, Bagamoyo hii hii, mchana kweupe, namba ya siri ya kufungulia mfumo wa kompyuta ilitoka kwenye simu ya mtu aliyekwishazikwa, ikapenya dari, ikamfikia askari aliyekaa chini, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Na hapo bado hujafika penyewe. Penyewe ni kwamba kulikuwa na kijana mahabusu, jambo hilo ndilo lingemtoa, na yeye mwenyewe akaomba lisisemwe!

Twende taratibu.

Sajenti Mwishehe wa upelelezi alikuwa na siku moja tu mkononi. Kesho yake asubuhi Osama anapandishwa kizimbani, na jalada lilivyokaa, kijana haponi. Osama alikuwa karani wa ofisi ya safari za Hija, ile ya marehemu Humoud pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kosa lake, majina matatu ya mahujaji yametolewa kwenye mfumo na kuwekwa mengine matatu. Mmoja wa waliotolewa ni Bi Chausiku wa Saadani, mama aliyekausha samaki na kuuza mpaka mgongo ukapinda ili tu afike Makka. Siku aliyoambiwa jina lake halipo, alikaa chini pale pale mlangoni, hakulia, hakusema. Ndugu zake ndio waliosema, na waliyoyasema hayaandikiki.

Sasa ule mfumo una makufuli mawili. La kwanza ni paswedi, na hiyo ofisi nzima wanaijua. La pili ni namba sita zinazotumwa kwa meseji kila mtu anapotaka kuingia, na zinakufa baada ya dakika chache. Meseji hiyo inakwenda kwenye laini moja tu, ya Humoud, na Humoud ana miezi miwili kaburini.

"Laini ya marehemu iko wapi?" Mwishehe alimuuliza Osama kwa mara ya tatu, kupitia nondo.

"Nilikuwa nayo mimi, afande."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa baharini."

"Na siku majina yanabadilishwa, Jumatatu alasiri, ulikuwa Lugoba unachukua pasipoti za mahujaji. Nimepiga simu, wamekuona wengi, na ubwabwa wao umekula."

"Nilibadilishia huko huko, kwa simu. Laini nilikuwa nayo."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Osama akatazama sakafu. "Shetani, afande."

Mwishehe hakupenda. Wezi aliozoea yeye wanakana huku manyoya ya kuku yako mdomoni. Huyu hakukutwa hata na yai, anasema banda zima nimekula mimi. Na kuna kitu kingine. Kila Mwishehe alipotamka nyumba ya marehemu, kijana alijibu haraka haraka, kama mtu anayekimbilia mlango aufunge kabla hujachungulia.

Akawasha pikipiki, akaenda kwa Basil.

Basil ndiye fundi aliyeweka ule mfumo. Kiduka chake kiko njia ya kwenda Msata, chaja zinaning'inia kama pweza wanaoanikwa. Alikuwa anakula muhogo, simu mbili mezani, ya tatu shingoni.

"Karibu mjomba! Mkwere kashuka mjini, leo mvua itanyesha."

"Mvua itakunyeshea wewe ukilala mahabusu. Nieleze hili kufuli la pili, na unieleze kama unamweleza bibi yako."

"Bibi yangu ana TikTok, afande."

"Basi kama unamweleza bibi yangu mimi."

Basil akafuta mikono, akachangamka. Hapo ndipo alipopapenda. "Sikiliza. Marehemu alipokuja nilimwekea huduma mezani kama samaki, achague. Kuna programu ya simu. Bure kabisa, haitaki hata mtandao, inakuzalishia namba yenyewe. Ila inataka simu janja, na simu ikizama chooni, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Kuna kifunguo kidogo kama flashi, unachomeka, unagusa, umeingia. Hicho ndicho imara kuliko vyote. Lakini kimoja ni kama laki moja na nusu, na inabidi ununue viwili, maana kimoja kikipotea umekwisha. Mzee Humoud aliniangalia kama nimemtukana. Akasema laki tatu za ufunguo usiofungua hata kabati?"

"Akachukua meseji."

"Meseji, kwa sababu alikuwa na kitochi chake kile, kisimu kidogo cha vitufe, hakitoki mfukoni. Alitaka kila anayeingia kwenye mfumo apite kwake kwanza. Nikamwambia mzee, meseji ndiyo dhaifu. Mtu akimlaghai aliyeshika simu akasomewa namba, kwisha habari. Akanijibu, mimi silaghaiki."

"Kila meseji bei gani?"

"Hapo sasa! Ziko za aina mbili. Ya bei chee, shilingi kumi na nane. Ukituma imekwenda, imefika, imepotea, hujui. Ya bei ya juu, ishirini na tano. Hiyo inakurudishia ripoti kwamba imefika kwenye simu. Mzee, ubahili wote ule, akachukua ya bei ya juu. Akasema hawezi kulipia kitu asichojua kama kimefika."

Mwishehe akasogeza kiti. "Ripoti inaonyesha imefika kama laini imezimwa?"

"Thubutu! Simu ikiwa imezimwa ripoti inasema inasubiri."

"Tuma moja sasa hivi."

Basil akabofya. Wakatazama kioo wote wawili, vichwa vimegusana. Haikuchukua muda, neno likatokea kwa kijani. *Imefika.*

"Laini iko chini ya bahari, inapokea meseji," Mwishehe akasema.

"Labda pweza kaipata, na chaja anayo."

"Na hakuna aliyetaka kuibadilisha hii huduma tangu mzee afe?"

"Abdulnasir, mdogo wake marehemu. Alikuja hapa kama wiki tatu zilizopita, akaniambia tuhamie programu ya bure, na iwe kwenye simu yake yeye. Nikamwambia haiwezekani kirahisi, maana ili kubadilisha laini, mfumo unatuma namba kwenye laini ile ile ya zamani. Akauliza, sasa hawa wanaingiaje kila siku? Nikamwambia kamuulize Osama, mimi si mchawi. Akakaa, akafikiri, akaondoka bila kuaga."

Mwishehe akasimama. "Kaa hapa. Nikikupigia, tuma nyingine. Wewe namba unaziona?"

"Naziona hapa kwenye kioo."

"Usinisomee mpaka nikuambie."

Ofisi ya Hija iko chini, familia inakaa juu. Ni nyumba ya zamani, kuta nene, dari ya boriti na mbao, mtu akidondosha kijiko juu unakisikia chini. Koplo Adila alikuwa amewekwa mlangoni kulinda kompyuta isiguswe.

"Kuna nini?" Mwishehe akamuuliza.

"Hakuna, afande. Kimya. Ila huko juu walikuwa wanatwanga kitu sasa hivi, wakaacha. Pilipili manga labda."

Mwishehe akapita. Akakaa kwenye kiti cha Osama, kikalia kwiii. Akampigia Basil. "Tuma."

Kimya. Saa ya ukutani tu. Mwishehe alikuwa ametega sikio asikie mlio wa kitochi, popote, kwenye droo, nyuma ya kabati, kwa jirani. Hakusikia mlio. Badala yake, juu ya kichwa chake, ngo, ngo, ngo, ngo.

Pakatulia.

Ngo.

Pakatulia. Halafu kitu kizito kikaburuzwa kwenye mbao, krrrr, kifupi. Pakatulia. Ngo, ngo, ngo. Pakatulia.

Nywele za mkononi zikamsimama. Nakwambia sajenti mzima, aliyewahi kumkamata jambazi mwenye panga, alishika meza! Akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja zile alizosikia, na kugonga kukaendelea. Saba. Kikomo. Mbili. Kikomo. Juu kukanyamaza.

"Basil, upo?"

"Nipo. Imefika. Nikusomee?"

"Nikusomee mimi. Nne. Moja." Akasita kidogo. Ule mburuzo. "Sifuri. Tatu, saba, mbili."

Upande wa pili muhogo uliacha kutafunwa. "Afande," Basil akasema polepole, "umeiona wapi?"

Mwishehe alikata simu. Akamkonyeza Adila, wakapanda ngazi.

Mlango wa juu ulikuwa na pazia zito. Mwishehe akasimama nje, kofia mkononi, akaupa ukuta uso. Mjane wa Humoud, Bi Miza, alikuwa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na mwanaume asiye maharimu wake hamwoni. Adila akavua viatu, akaingia.

"Shikamoo mama," Mwishehe akasema kwa pazia.

Kunong'onezana ndani. Sauti ya Adila ikatoka. "Anasema marahaba. Anauliza, Osama leo ana nini, mbona ameomba mara mbili? Anasema ya kwanza alimgongea, au Osama hakuisikia?"

Mwishehe akafumba macho. Hajui! Watu wa nyumba ile walikuwa wamemficha, eti aliye msibani asiongezewe msiba. Mama wa watu anadhani kijana bado yuko chini kwenye kiti chake.

"Muulize, hii kazi ya kugonga ilianzaje?"

Safari hii hakusubiri Adila. Bi Miza alijibu mwenyewe, sauti ya chini, maneno yamenyooka.

"Ilianza na marehemu, mwanangu. Kiharusi kilipompiga, sauti ikakatika, miguu ikakatika. Simu hakuiachia. Meseji ikija anagonga kwa bakora, Osama anaandika. Alipofariki wakaniuliza laini apewe nani, nikasema eda iishe kwanza, ndipo mambo ya mali. Lakini watu wana safari yao ya Mungu, hawawezi kunisubiri. Na mimi siwezi kuzungumza na kijana asiyekuwa maharimu wangu kila asubuhi. Nikachukua mchi. Sikusema naye hata neno moja. Wallahi hata moja."

"Jumatatu alasiri, mama, meseji iliingia?"

"Iliingia. Nikagonga."

"Ulijuaje aliye chini ni Osama?"

"Kiti kililia. Nani mwingine anakaa pale?"

Mwishehe akamwambia. Hakukuwa na namna nzuri ya kusema, akasema tu, kwamba Osama yuko mahabusu, amekiri laini alikuwa nayo yeye, na kwamba Jumatatu alasiri Osama alikuwa Lugoba. Ndani kitu kizito kikalazwa sakafuni taratibu sana.

"Mjinga yule," Bi Miza akasema, na sauti ilikuwa imelowa. "Ananifichia nini?"

Chini, Abdulnasir alikuwa amekwishafika. Kanzu imenyooshwa mpaka inakata, manukato yamemtangulia mlangoni.

"Sajenti, karibu kwetu. Mmepewa hata kahawa?"

"Tumeshiba. Jumatatu alasiri ulikuwa hapa ofisini?"

"Nilikuwepo, nimeshaandika kwenye maelezo yangu. Ofisi ni ya ndugu yangu. Lakini namba ningeipata wapi? Laini anayo Osama, amekiri mwenyewe."

"Wale watatu wapya walioingizwa, umewaleta wewe."

"Nimewaleta, nikampa Osama majina awatafutie nafasi mwakani. Yeye akaona njia ya mkato. Vijana hawa."

"Ukiwa hapa, ulisikia mtu anagonga?"

Abdulnasir akanyoosha ukingo wa kanzu. Kisha akatabasamu, na Mwishehe akajua kwamba swali hili mtu huyu alikuwa amelisubiri.

"Liandike hilo, Sajenti. Tena nakuomba uliandike vizuri. Mjane yuko eda, mume hajaoza, anagongeana dari na kijana mwenye ndevu changa. Mahakama si ya wazi? Mji mzima uje usikilize. Tuone nani ataaibika."

"Mimi sijakwambia nani alikuwa anagonga."

Tabasamu likakwama nusu. "Nyumba ya ndugu yangu hii. Hata panya nawajua."

"Na shemeji yako unamjua?"

"Shemeji yangu," Abdulnasir akasema, "ana watoto wa kike wawili wa kuozesha. Fikiria."

Ndiyo hapo sasa. Fikiria na wewe. Mwishehe alikaa kwenye pikipiki bila kuiwasha, akalipanga. Namba inakufa baada ya dakika chache. Haitoki kwenye nyumba ile ila kwa mchi. Anayeisikia ni aliyekaa chini ya dari ile, basi. Osama alikuwa Lugoba, Abdulnasir alikuwa chini ya dari, na ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikuwepo. Kesi imeisha! Lakini ukiutoa mchi, Osama angeweza kubadilisha majina akiwa Lugoba, akiwa Dar, akiwa mwezini, laini iko mfukoni. Ushahidi wa Lugoba haufai kitu bila mchi. Na mchi haufiki mahakamani bila Bi Miza.

Akarudi kituoni. Osama alipoona kiganja cha sajenti kina wino, na namba sita zimeandikwa, alielewa kabla hajaambiwa. Akashika nondo kwa mikono miwili.

"Umepanda juu, afande."

"Nimepanda."

"Usiandike. Nakuomba. Nimekiri, si nimekiri? Nifungeni."

"Utakula miaka, we mtoto! Kwa kitu gani? Hamkufanya dhambi, hamkusemeshana hata salamu."

"Wewe unajua, mimi najua, Mungu anajua. Huu mji haujui na hautaki kujua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Mimi nikifungwa, siku moja nitatoka. Yeye wakishamchafua hatoki. Mzee Humoud alinilea, afande. Nimekula kwenye sinia lake tangu nina miaka tisa. Nimlipe hivi?"

"Na Bi Chausiku? Yule aliyemtoa safarini unamwacha anatembea?"

Osama akateremka taratibu mpaka chini, mgongo umegeuka.

Alasiri Koplo Adila aliingia na karatasi. Alikuwa ameyachukua maelezo ya Bi Miza kule juu, kila kitu, bakora, mchi, mburuzo wa sifuri, na chini kuna sahihi imara.

"Nilimwambia watu watasema," Adila akasema. "Nilimwambia mara mbili, afande. Akanijibu, waseme. Akasema hawezi kukaa eda ya mume huku mtoto wa nyumba hiyo anakaa jela kwa ajili yake. Halafu akaniuliza kitu." Adila akatazama pembeni. "Akaniuliza, wanangu wataelewa?"

Mwishehe akaweka karatasi mbili mezani. Kulia, kukiri kwa Osama. Kushoto, maelezo ya mjane. Mmoja anataka kufungwa, mwingine anataka kuchafuka, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na waliwahi kuongea lini? Hawakuwahi. Alivuta pumzi, akainuka, akapeleka ile ya kushoto kwa wakili wa serikali.

Kabla ya magharibi Abdulnasir alikuwa ameketi pale pale alipokuwa Osama, kanzu imekunjamana. Majina matatu yamerudishwa kwenye mfumo, la Bi Chausiku la kwanza, na Saadani walipiga vigelegele kwenye simu mpaka kipaza sauti kikakwaruza. Unaona? Kazi safi kabisa.

Isipokuwa Abdulnasir kabla ya kunyang'anywa simu alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la mtaa. Ilipofika kwa Adila ilikuwa imesambazwa na watu wengi. Mjane wa Humoud na karani wake, darini, eda haijaisha. Watu wanacheka, watu wanaweka vikatuni. Mtu mmoja ameandika kwamba ile posa ya binti mkubwa wa Bi Miza, kwao mwanaume wamesema wanaahirisha.

Mwishehe akatoka kumwona Osama. Alikuwa amekwishaachiwa, mkanda na viatu amerudishiwa, lango liko wazi. Hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi la nje, viatu mkononi, kwa sababu njia ya kwenda kwao inapita chini ya nyumba ile.

"Nenda nyumbani, mwanangu," Mwishehe akasema.

Osama hakumshukuru. Hakumtukana pia. Alimwangalia tu, jicho kavu sasa, kisha akauliza, "Ulimwomba ruhusa yeye, afande. Wale binti zake uliwaomba?"

Mwishehe hakujibu, mpaka leo hajajibu. Na mimi nimezunguka na hili swali siku nzima nalishindwa, ndiyo maana nakupa wewe. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, karatasi mbili ziko mbele yako, kesho asubuhi kijana anapandishwa kizimbani, ungepeleka ipi?